Maswali ya Wasomaji: Siagi Inagoma Kutoka

SWALI: Tunaandaa tamasha la familia kuhusu maisha ya mashambani ya karne ya 19. Watoto watasukasuka krimu kwenye chupa wapate siagi, ila tulipojaribu iliumuka tu. Tatizo nini?

JIBU: Huenda mlijaza chupa mno, au krimu ilikuwa baridi sana. Jazeni theluthi moja tu. Krimu isipopata nafasi ya kugonga kuta, mafuta hayashikani. Iwe na mafuta asilimia 35 au zaidi, bila vigandishaji, na joto la nyuzi 15 hivi. Ikizidi 20, siagi hutoka laini na ya kunata.

Ikiumuka msiache, ndiyo nusu ya safari. Endeleeni mpaka msikie kitu kizito kikigonga chupa na maji meupe yatengane. Chujeni, kisha oshea siagi kwa maji baridi, ukiikandamiza kwa mwiko wa mbao, hadi maji yatoke safi. Mtindi, yaani yale maji meupe, ukibaki ndani, siagi itachacha upesi.

Chupa za kioo zenye kifuniko cha kuzungusha haziharibu mandhari ya karne ya 19: John Mason alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya chupa hizo Marekani mwaka 1858. Za plastiki ndizo za kuficha.