Mwalimu yuko sahihi: "mustn't" siyo "si lazima"

Mleta mada anasema mwanawe wa darasa la sita ameandika kwenye daftari la Kiingereza "We mustn't wear uniform on Saturday", mwalimu akampa kosa, na yeye mzazi haoni kosa liko wapi. Hoja yake: must ni lazima, not ni si, na kweli Jumamosi pale shuleni si lazima kuvaa sare. Wachangiaji wawili watatu wamemuunga mkono, mmoja amemshauri aende shuleni "akamweleweshe mwalimu".

Mkuu, usiende. Mwalimu yuko sahihi. Na usimgombeze mtoto, maana kosa lake nimelifanya mimi nikiwa mtu mzima mwenye cheti, tena nikalibandika ukutani watu walisome.

Alichoandika mtoto ni kwamba Jumamosi sare ni marufuku, atakayekuja nayo ana kesi. Alichotaka kusema ni "We don't have to wear uniform on Saturday", au kwa ufupi zaidi, "We needn't wear uniform".

Sasa habari ya ukuta. Mwaka 2009 nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ndogo pwani ya mashariki ya Unguja. Vyumba kumi na viwili, kila ufunguo umefungwa kwenye kibao cha mbao ukubwa wa kiganja ili mgeni asiondoke nao mfukoni. Kila asubuhi nilikuwa naulizwa swali lile lile: tukienda ufukweni, lazima tuache ufunguo kwako? Nikachoka. Nikachukua karatasi na kalamu ya wino mzito, nikaandika: "Guests must not leave the key at reception when going to the beach." Kichwani mwangu nilikuwa nimeandika kwamba wageni si lazima waache ufunguo, wajisikie huru. Nilijiona muungwana kwelikweli.

Kesho yake akaja kaunta mama mmoja wa Kiingereza, wa makamo, kanga kiunoni, kibao kinaning'inia kidoleni. Akaniuliza kwa upole, akiingia majini ufunguo auweke wapi. Nikamwambia auache kwangu, mimi nipo mpaka jioni. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akaigonga karatasi na kile kibao: "But it says I mustn't." Nikacheka nikidhani ni utani. Hakucheka.

Jioni ile bwana wa chumba namba 7 akarudi bila ufunguo. Mnaoijua pwani ile mnajua maji yakitoka yanatoka mbali, unatembea weee, unapita vijiti vya mashamba ya mwani, ndipo ufike pa kuogelea. Yeye alikuwa ameuficha chini ya kiatu mchangani. Maji yakajaa. Kiatu kilipatikana, ufunguo hapana. Fundi akaja kuvunja kitasa usiku usiku. Meneja aliibandua karatasi kwa mkono wake, hakusema neno, ila mwisho wa mwezi bei ya kitasa niliikuta imekatwa kwenye mshahara.

Kwa hiyo tuangalie mtego wenyewe, maana Kiswahili chetu kinaonyesha tofauti hii vizuri kuliko hata Kiingereza. Sema "si lazima uvae". Hapo "si" imeikalia lazima na kuivunja. Lazima haipo tena, umebaki na uhuru wako. Sasa sema "lazima usivae". Lazima imebaki nzima kama jiwe, kukana kumehamia ndani ya kitendo: kuna jambo la lazima, nalo ni kutovaa. "Must not" ni hii ya pili. Ile "not" haigusi must hata kidogo, imeshikana na neno linalofuata. Kwenye "don't have to", "don't" inakuja mbele na kuivunja have to, kama "si" inavyoivunja lazima. Mtoto alijumlisha vizuri, must na not, ila alikosea kukana kunakaa upande gani.

Mimi hukumbuka kwa njia nyingine pia. "Must" ya leo imetokana na umbo la wakati uliopita la kitenzi cha Kiingereza cha kale, mōtan, ambacho maana yake ilikuwa kuruhusiwa, siyo kulazimika. Basi kila nikiona "must not" najisomea "huruhusiwi" na sikosei.

Miezi michache baadaye, nikiwa nimeshasoma kwa ada ya kitasa, likanijia kwa upande wa pili. Mgeni wa Kijerumani, mzee mpole, akiwa anaelekea kunywa chai, akaniambia: "You must not clean my room." Mimi sasa mjuzi, nikajua hilo ni katazo. Nikamfuata mama wa usafi nikamwambia chumba namba 4 marufuku kuingia. Yule mama Kiingereza chake kilikuwa good morning na thank you, lakini aliniuliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, kasema nisiingie, au kasema nisijisumbue?"

Nikamjibu kwa kujiamini: usiingie, mama. Siku ya tatu mzee akaja mapokezi kuuliza kwa nini hapewi taulo.

Wajerumani wana "müssen", ndugu wa damu wa must, lakini wao wakikana, "du musst nicht" maana yake ni si lazima. Yule mzee alikuwa anatuhurumia tu, anasema tusijichoshe kusafisha kila siku. Alitumbukia shimo lile lile la mwanao, akitokea upande wa Ulaya. Kwa hiyo ukiongea Kiingereza na Mjerumani, Mswahili au yeyote ambaye si lugha yake, usikimbilie kanuni. Muulize kama yule mama.

Na swali la yule mama lina jambo kubwa ndani yake. "Nisiingie" na "nisijisumbue" zina umbo moja, zote ni za "-si-", lakini moja ni uzio na nyingine ni ahueni. Ukimwambia rafiki "usijisumbue kuja", hujamkataza, umemtua mzigo. Kwa Kiingereza hiyo ni "you needn't come". Ukimwambia "usije", hiyo ni habari nyingine. Ndiyo maana anayetafsiri kila "usi-" kuwa mustn't naye atapotea, japo kwa njia tofauti.

Neno linalotuponza zaidi, kwa uzoefu wangu, wala siyo lazima. Ni "hutakiwi". Hili lina nyuso mbili. Mama mjamzito akiambiwa dirishani "hutakiwi kulipa", anaelewa huduma ni bure, arudishe pochi yake. Mtu akiambiwa mlangoni mwa msikiti "hutakiwi kuingia na viatu", anavivua, hakuna mjadala. Neno moja, la kwanza ni "you don't have to pay", la pili ni "you mustn't" au "you're not allowed to". Sisi tunalielewa kwa mazingira bila hata kufikiri, ndiyo maana tukifika kwenye Kiingereza tunaona ajabu kulazimishwa kuchagua. "Huruhusiwi" halina utata, daima ni katazo. "Hulazimiki" nalo halina utata, daima ni uhuru. "Haifai" ni laini zaidi, hiyo ipeleke kwenye "shouldn't". Mtoto akikwama, mwambie alitupe "hutakiwi", aweke kwanza mojawapo ya hayo, ndipo avuke kwenda Kiingereza.

Kuna kipimo nilichokuwa nawapa vijana wapya pale mapokezi. Malizia sentensi yako kwa Kiswahili na maneno "ila ukitaka, ruksa". "Sare si lazima Jumamosi, ila ukitaka, ruksa." Inakaa vizuri, basi tumia don't have to, don't need to au needn't. "Usivute sigara kwenye kituo cha mafuta, ila ukitaka, ruksa." Hapo umeshatulipua sote, kwa hiyo ni mustn't, can't, not allowed to.

Mchangiaji mmoja hapo juu amesema haya ni mambo ya shule tu, wazungu wenyewe hawayajali. Nusu ana haki. Mustn't huisikii sana wakizungumza. Wengi watakwambia "you can't park here", au "don't" kavu. Lakini wakisema mustn't hawamaanishi si lazima, na hilo wanalijali mpaka kwenye mitambo. Walio kwenye tehama wanaijua RFC 2119 ya Machi 1997, hati inayoeleza maneno ya kutumia wanapoandika kanuni za intaneti. Humo MUST NOT ni katazo kamili, SHOULD NOT inaacha mwanya kama una sababu nzito na umezipima, na jambo la hiari linaandikwa MAY. Mtu akichanganya la kwanza na la mwisho, programu mbili hazielewani.

Ila kuna mahali wazungu wanatuchezea. "You don't have to shout." Kwa kamusi ni huna ulazima wa kupiga kelele. Kwa mtu aliyekukunjia uso ni nyamaza. Sisi nasi tunayo, "huna haja ya kunipigia kelele", na hakuna anayedhani ameachiwa hiari. Hapo kipimo changu cha ruksa kinagoma, sina cha kukusaidia zaidi ya kumwangalia msemaji usoni.

Pia jihadharini na "may not". "Visitors may not enter" ni marufuku. "She may not come" mara nyingi ni huenda asije. Siku hizi sipendi kuitumia kwenye tangazo lolote, naandika "are not allowed" na kulala usingizi.

Aliyeuliza ukurasa wa kwanza kuhusu wakati uliopita hakujibiwa, na ni swali zuri. Katazo la jana halisemwi kwa mustn't. Ukitaka kusema jana tulikatazwa kutoka, ni "we weren't allowed to go out" au "we couldn't go out". Ukijaribu "must not have" unapata kitu kingine kabisa: "He must not have seen me" ni itakuwa hakuniona, unakisia tu, hakuna aliyekatazwa. Uhuru wa jana ni rahisi, "we didn't have to".

Halafu kuna "needn't have", na hapa ndipo neno letu "kumbe" linapofanya kazi ya sarufi nzima. Umepika wali wa watu kumi, wageni wanaingia, kumbe wameshakula njiani. "I needn't have cooked." Umeshapika, sufuria hilo hapo linakutazama. Ukisema "I didn't need to cook" umesema tu hapakuwa na haja, na msikilizaji atadhani hukugusa hata jiko. Ikiwa kwa Kiswahili ungeweka kumbe, kwa Kiingereza weka needn't have. Sijaona kitabu kinachoeleza hivi lakini haijaniangusha.

Na majibu ya maswali, maana mitihani yetu inalipenda hili. "Must I finish today?" Kama ndiyo, "Yes, you must." Kama hapana, jibu ni "No, you needn't" au "No, you don't have to." Mtoto akijibu "No, you mustn't" amemkatazia mtu kumaliza kazi yake.

Mleta mada, ile sentensi nyingine uliyoiweka, "You needn't to come", kosa lake halihusiani na haya yote. Needn't haifuatwi na "to", sawa na must yenyewe. Ni "You needn't come" au "You don't need to come", mojawapo, usizichanganye. Na mwangalie tahajia. Mustn't ina t mbili, ya kwanza haisikiki mdomoni ndiyo maana wengi wanaandika "musn't". Kama naye aliandika hivyo, basi ile alama moja alikatwa mara mbili kwa haki.