Mwanangu kachukua elfu tatu mfukoni mwangu

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 39, naishi Morogoro na nina duka la vipuri vya pikipiki. Nakuandikia kwa sababu mwezi uliopita kijana wangu wa miaka tisa alichukua shilingi elfu tatu kwenye mfuko wa suruali yangu. Niligundua usiku uleule, maana huwa nahesabu kila siku kabla ya kulala. Kumbe alikwenda nazo shuleni akawanunulia wenzake sambusa na juisi. Nilimchapa. Sasa hasemi nami zaidi ya salamu.*

*Shangazi, nyumbani kwetu baba alikuwa kibarua wa kiwandani. Siku ya mshahara ilikuwa sikukuu: nyama, pilau, soda, redio inapigwa mpaka usiku. Ikifika tarehe kumi na mbili, mama ananipa kikombe niende kwa jirani kuomba chumvi, kesho sukari, keshokutwa unga. Nilikuwa mkubwa wa watoto, basi kikombe kilikuwa changu. Niliapa kwamba nyumba yangu haitaomba kitu. Kweli haijaomba. Ninayo akiba, mke wangu hajui ni kiasi gani, nyingine naiweka dukani nyuma ya makopo ya oili. Watoto siwapi hela ya shule kwa sababu wanakunywa uji nyumbani na wanarudi kula. Mke wangu amekulia nyumba ya wenye duka, ananiona mchoyo, na najua huwapa mia mbili mia mbili kwa kificho.*

*Nimfundisheje huyu mtoto heshima ya fedha kabla hajawa mwizi?*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma habari ya elfu tatu. Mara ya pili nikasoma habari ya kikombe. Mara ya tatu ndipo nikaona kwamba ni habari moja.

Nianze na kijana. Mtoto mwenye tamaa akipata elfu tatu hujificha nyuma ya darasa akala peke yake. Wako aliwanunulia wenzake. Hilo umeliandika mwenyewe, kisha ukalipita. Mimi nimekwama hapo. Kwa nini mtoto wa miaka tisa aibe ili agawe? Sijamwona, lakini nimelea watoto wanne na nimewaona wa wenzangu, nami naamini kijana huyu amekula vya watu muda mrefu. Mapumziko yakifika, wenzake wanatoa mia mbili zao, mmoja anamkatia nusu sambusa, mwingine anamwonjesha juisi. Leo, kesho, muhula mzima. Watoto nao wana hesabu zao, na hawaoni haya kumwambia mwenzao, "Wewe kila siku unakula vyetu tu." Siku ile alikuwa analipa deni.

Wewe ulikwenda kwa jirani na kikombe kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu. Mwanao anakwenda nacho wakati kitu kipo, kimefichwa nyuma ya makopo ya oili. Sikuandikii hivi ili nikuumize. Nakuandikia kwa sababu wewe, kuliko baba yeyote pale mtaani kwenu, unajua uso wa mtoto anayesimama mlangoni kwa watu akisubiri kupewa.

Nami nina yangu, na nisipokuambia utadhani nasema kutoka juu.

Nilizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1968, kwenye kihamba cha migomba na mikahawa. Kwetu hela ya kahawa ilikuwa ya baba, hela ya ndizi na maziwa ilikuwa ya mama. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mtoto aliijua. Kahawa tuliichuma sote, tukaikoboa kwa mashine ya mkono, tukaiosha, tukaianika na kuipepeta, mpaka vidole vikanuka kahawa wiki nzima. Baba akaipeleka chama cha ushirika ikapimwa. Malipo yalikuja kwa awamu: ya kwanza ukikabidhi, ya pili baada ya miezi. Siku akirudi na fedha aliingia chumbani, akafunga mlango, tukasikia kufuli la sanduku la bati. Basi. Hatukujua ni ngapi, hatukujua zinakwenda wapi.

Mwaka 1977 nilikuwa na miaka tisa kama kijana wako. Bei ya kahawa ilipanda mwaka ule kuliko tulivyowahi kusikia. Baadaye, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipojua sababu: Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa kule Brazili, dunia ikapungukiwa. Sisi tulichoona ni baba kuja na redio mpya, mbuzi kuchinjwa, na msingi wa nyumba ya tofali kuchimbwa mbele ya ile ya zamani. Nyumba ilifika kwenye lenta. Nilidhani fedha ndiyo hivyo, huja kama mvua ya masika, na mvua ikija unakinga kila chombo ulicho nacho.

Halafu Julai 1989 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilishindwa kuelewana, ile migawo ya mauzo iliyokuwa ikishikilia bei ikaondolewa, na bei ikaporomoka. Mdogo wangu alikuwa sekondari ya kulipia. Mwaka uliofuata alirudishwa nyumbani kwa ada. Baba hakumwambia lolote. Mzee alikaa kimya, akawa anatoka asubuhi anarudi giza limeingia. Mdogo wangu alikaa mwaka mzima akiamini anaadhibiwa, kwa kuwa muhula uliotangulia alifeli hesabu. Ameniambia hayo tukiwa watu wazima, siku ya arobaini ya baba. Mtu wa miaka arobaini na kitu, analia kwa jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza: "Mwanangu, bei imeanguka, sina."

Ile nyumba ya lenta ipo mpaka leo, mpapai umeota sebuleni.

Sasa nikueleze upande wa mama. Akirudi sokoni alitandika mkeka, akaketi, akafungua pindo la kanga, hela zikamwagika mbele yetu. Alituita. Sarafu tulizipanga sisi. Fungu la kwanza lilikuwa la kurudia sokoni, yaani mtaji, na hilo haligusi mtu. La pili chumvi na mafuta ya taa. La tatu sadaka ya Jumapili. Likibaki kitu, tunashauriana. Kuna siku alipata hasara, ndizi zilizidi sokoni zikauzwa kwa bei ya kutupa. Tulipanga fungu la kwanza, hela zikaisha. Mama akazitazama, akasema, "Leo hakuna mafuta ya taa. Tutakula mapema tulale." Tukala mapema tukalala. Sikumbuki kuona aibu wala hofu usiku ule. Nilijua ni kwa nini kuna giza.

Fedha ya baba ilikuwa nyingi kuliko ya mama, na iliyonifundisha ni ya mama.

Lakini usidhani nilitoka pale nimekamilika. Mshahara wangu wa kwanza, nikiwa karani wa chama cha kuweka na kukopa, uliisha ndani ya siku tisa. Nilinunua viatu, kitambaa, zawadi za watu wote, kama vile malipo ya kahawa yametoka. Na mpaka leo ukifungua kabati langu utakuta sukari kilo kumi na miche ya sabuni isiyopungua sita, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 80 nilipanga foleni ya sukari tangu alfajiri nikaambiwa imekwisha, na nguo za shule tulizifua kwa majani ya mpapai. Maduka yamejaa sasa. Najua. Kabati lenyewe halijui.

Kwa hiyo sikuambii uache kuweka akiba. Akiba yako ni kazi ya mikono yako na inastahili sifa. Ninachokuambia ni kwamba nyumbani kwako watu watatu wanaficha fedha. Wewe unaficha dukani. Mkeo anaficha zile mia mbili. Na mtoto, aliyewatazama wazazi wake wote wawili, naye ameficha elfu tatu. Somo amelielewa vizuri.

Anza na mkeo, kabla ya mtoto. Usiku mmoja, watoto wamelala, mwambie habari ya kikombe. Nina hakika hajawahi kuisikia. Umeandika kwamba anakuona mchoyo, na mke anayejua habari ya kikombe hawezi kukuona hivyo. Yeye amekulia dukani, mtoto akitamani biskuti anainua mkono kwenye rafu, hivyo kwake kunyima mtoto ni ukatili na kwako kumpa mtoto ni hatari. Hakuna mwovu hapo. Kisha mtajie kiasi. Chote, pamoja na kile cha nyuma ya makopo. Nimekaa dirishani pale kwenye chama cha kuweka na kukopa miaka ishirini na sita, nikapokea wajane walioshika kitabu cha hisa kama karatasi iliyookotwa njiani, hawajui mume aliweka nini, aliandika nani mrithi, anadaiwa nani. Mmoja alikuja na watoto wawili, akakuta mumewe alijaza jina la mrithi kabla hawajaoana na hakurudi kulibadilisha. Na ile ya nyuma ya oili haina hata fomu. Ipeleke benki au chamani, mkeo akiwapo.

Kwa kijana, muombe radhi kwa kipigo, si kwa kosa. Kosa ni lake na alijue. Mwambie: ulichukua kisicho chako, na mimi nilikuchapa bila kukuuliza. Halafu muulize nani alikuwa akimnunulia sambusa. Nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Kisha mpe hela yake. Siku moja, kiasi kimoja, mbele ya mama yake, na zile mia mbili za kificho zikome siku hiyohiyo. Mimi ningempa elfu moja na mia tano kila Jumamosi. Kama duka halijachangamka, punguza, lakini siku usiibadilishe. Ikiisha Jumatatu, imeisha. Hapo mkeo atapata shida kuliko mtoto, msaidie avumilie. Usimpangie anunue nini. Akinunua upuuzi, aonje upuuzi wake angali na elfu moja na mia tano, kuliko kuuonja akiwa na mshahara na familia kama nilivyoonja mimi.

Kuosha vyombo na kufagia usimlipe. Wapo wazazi wanaolipa, siwafuati. Sahani aliyolia chakula ni yake. Ila akija dukani Jumamosi akakupangia boliti kwa saizi au akakusafishia rafu, hiyo ni kazi ya duka, mlipe kama ungemlipa mtoto wa jirani.

Kuna jambo ambalo mama yangu hakukutana nalo. Zile sarafu tulizishika. Mwanao anaona baba anabonyeza simu, taa zinawaka. Kwake simu ndiyo inayozaa fedha. Basi siku ya kununua umeme mwite. Mwonyeshe salio kabla, nunua, mwonyeshe salio baada ya hapo, na makato pia ayaone. Zile tarakimu ishirini za LUKU aziingize yeye kwenye mita, asome yuniti zilizoingia, aziandike kwenye daftari, na kila jioni aende akasome zilizobaki. Siku mtakapopiga pasi nguo za wiki nzima atarudi kukuambia bila kuulizwa. Hakuna hotuba ya kubana matumizi inayofika hapo.

Kibubu nacho wengi hukimbilia. Ni kizuri kama kina jina. Akisema ni cha mpira, andika "mpira" ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, mwende sokoni mkaulize bei ya mpira kwanza ili ajue anakwenda wapi. Kibubu kisicho na jina ni makopo ya oili mengine.

Na ile elfu tatu? Usimsamehe. Mtoto aliyesamehewa deni hubaki nalo rohoni, na huyu ameshatuonyesha kwamba madeni yanamnyima raha. Kila Jumamosi, katika ile elfu moja na mia tano, akurudishie mia tatu. Zinazobaki zinatosha kumnunulia sambusa aliyemnunulia. Usikate mwenyewe kabla ya kumpa. Mkabidhi zote, kisha yeye ahesabu mia tatu akupe. Ni wiki kumi. Jumamosi ya kumi akikuletea ya mwisho, zima redio, acha unachofanya, uipokee kwa mikono miwili.