Goti Lililovimba Halichuliwi

Nilikuwa nageuka na mpira, hakuna aliyenigusa, nikasikia "pa!" ndani ya goti. Kabla ya magharibi limeshavimba. Mzee wa mtaani amenichua siku tatu, lakini nikishuka ngazi bado linaniachia. Nichuliwe kwa mafuta gani? (Kijana, Wete)

Hakuna mafuta. Kila ligi ya mchangani ikianza swali hili linarudi, na kila mara aliyeuliza ameshachuliwa. Magoti ya namna hiyo nimeyashika: ngozi inang'aa kwa mafuta ya karafuu, ina joto, na ukisukuma pembeni mwa pia ya goti unaona maji yanahamia upande wa pili. Goti likilia na kuvimba ndani ya saa chache, mara nyingi ni damu, na mara nyingi iliyokatika ni kano ya mbele kati ya zile mbili zinazopishana katikati ya goti. Kano hiyo ndiyo inayouzuia muundi usiteleze mbele. Kidole gumba cha mtu hakiwezi kuiunga. Kinachofanya ni kuzidisha uvimbe.

Siku mbili za mwanzo dawa ni kupumzika, barafu iliyofungwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, bendeji isiyobana, na mguu juu ya mito. Maji ya moto hapana.

Wala usiniandikie tena kwamba "eksirei imetoka safi". Eksirei inaonyesha mfupa, kano haionyeshi. Nenda ukapimwe goti kwa mikono ya anayelijua, na akiona haja atakuandikia MRI, picha ya mashine inayoonyesha na kano. Si kila mtu anapasuliwa. Wapo wanaotosheka na mazoezi ya misuli ya paja, ila anayetaka kurudi kwenye mpira wa kukata na kugeuka mara nyingi hulazimika kupasuliwa. Akishapasuliwa, asiguse mechi kabla ya miezi 9. Na nyinyi makocha mnaompulizia mchezaji dawa ya baridi halafu mnamrudisha uwanjani: kila goti linapoachia, vile vipande viwili vya gegedu vilivyo kati ya paja na muundi vinasagika, na vikishachanika vingi havijiungi wenyewe.

Nikichuchumaa goti linalia kra kra, lakini haliumi. (Fuoni)

Liache.

Mafuta ya goti yangu yamekwisha, nimeambiwa nile bamia. Nakaa ghorofa ya tatu. (Mama, Michenzani)

Bamia kula, mama, ni mboga nzuri, lakini ute wake unaishia tumboni. Goti linatengeneza ute wake lenyewe, kwenye utando wa ndani. Kinacholika ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Ukipunguza kilo 1 ya mwili, goti linapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua, na ngazi zako utaziona tofauti. Kaa kitini, nyoosha mguu mbele, uushike hivyo ukihesabu mpaka tano, uushushe. Fanya asubuhi na jioni. Kusujudu kukikushinda, sali kitini, ruhusa ipo.

Hukuniuliza sindano, lakini najua utapelekwa huko. Sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, inatuliza kwa muda. Utafiti uliotoka 2017 ulifuata wagonjwa waliochomwa kila miezi 3 kwa miaka 2: gegedu lao lililika zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakupishana. Diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, za kununua kila wiki, kwa mwenye presha au figo dhaifu, ni hatari. Vidonge vya "dawa ya mifupa" visivyo na jina, usivimeze.

Nimeanguka mkarafuu, goti limekwama, halinyooki. (Mkoani)

Gegedu lililochanika huweza kujikunja ndani likazuia goti. Usikubali mtu akukalie mguu ili aunyooshe. Kama huwezi kwenda hatua nne, piga eksirei leo. Unyayo ukiwa baridi au umekufa ganzi, huenda mshipa wa damu nyuma ya goti umeumia, basi usisubiri hata gari la jirani, kodi gari uende hospitali.

Mwanangu wa miaka 13 ana nundu ngumu chini ya pia, inamuuma akiruka. (Chake Chake)

Ni pale kano ya pia inaposhika kwenye muundi, na mfupa bado unakua. Mpunguzie kuruka, itatulia. Lakini goti la mtoto likiwa jekundu, la moto, ana homa na hataki liguswe, huenda ni usaha, na usaha unaliharibu gegedu kwa siku chache tu. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Bibi akisema subirini asubuhi, mwambieni kwa adabu kwamba mnakwenda sasa.