Uliza Fundi: Redio za LoRa, ripita za mlimani na ujumbe usiohitaji bando

Barua nyingi safari hii zinahusu redio ndogo za LoRa, zile zinazounganishwa na simu kwa Bluetooth na kupitisha ujumbe kutoka kifaa hadi kifaa bila laini wala intaneti. Zilizofanana tumeziunganisha.

Wauzaji wanasema redio hizi zinafika kilomita mia tatu. Ni kweli? Na zinaweza kuchukua nafasi ya WhatsApp?
*Msomaji, Singida*

Kilomita 331 ni rekodi ya ardhini inayotangazwa na mradi wa Meshtastic, programu inayoendesha nyingi ya redio hizo. Usinunue kwa kuitazama rekodi. Redio nyingi hurusha kwa miliwati zisizozidi 160, na udhaifu huo LoRa huufidia kwa kwenda polepole. Kwa mpangilio wa kawaida uitwao LongFast, kasi ni takriban biti 1,070 kwa sekunde. Picha na sauti hazipiti humo. Ujumbe mmoja ni herufi 200 hivi, basi.

Umbali unaamuliwa na antena kuonana. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12: hizo ndizo kilomita hadi upeo wa antena hiyo. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, kisha jumlisha. Redio iliyoshikwa mkononi, mita 1.5 kutoka chini, ina upeo wa kilomita 5, kwa hiyo watu wawili kwenye uwanda mtupu wana kilomita 10 kwa hesabu. Mmoja akiweka antena yake kwenye mnara wa mita 25, jumla inapanda hadi karibu 26. Miti, vilima na kuta hupunguza hapo. Katikati ya majengo ya zege, kilomita moja ni jambo la kushukuru.

Tuko kijiji cha bondeni karibu na Lushoto. Tumenunua redio sita, tumezigawa nyumba kwa nyumba, na zote tumeziweka ROUTER ili zisaidiane. Mombo hawatusikii, na hata wenyewe kwa wenyewe ujumbe unapotea. Tuongeze ngapi?
*Kikundi cha vijana, Lushoto*

Msiongeze hata moja. Punguzeni.

Katika Meshtastic kila redio inayosikia ujumbe huurudia mara moja, hadi idadi ya miruko, yaani mara ambazo ujumbe unaruhusiwa kurudiwa, iishe. Kiwandani huwekwa 3, na mwisho ni 7. Kabla ya kurudia, redio husubiri kidogo. Ikisikia mwenzake amekwisha kuurudia, inanyamaza. Iliyowekwa ROUTER haifuati adabu hiyo: inawahi, na inarudia hata kama mwenzake ameshatangulia. Tabia hiyo inafaa kwa redio moja iliyo juu ya mlima. Ikiwa sebuleni, inawahi kurudia ujumbe ambao hautatoka nje ya bonde, na ile redio ya jirani aliye juu zaidi, ambayo ingeufikisha, inasikia na kunyamaza. Mruko umeliwa bure.

Halafu kuna suala la hewa. Pakiti ya baiti 50 kwenye LongFast inachukua sekunde 0.64 hewani. Ikirudiwa na ROUTER sita ni karibu sekunde nne za masafa yale yale kushikwa na neno moja la "tumefika". Pakiti mbili zikikutana, mara nyingi zote huharibika. Fungueni programu mwangalie kipimo cha matumizi ya chaneli. Kikizidi asilimia 25 mtandao umeanza kulemewa. Redio zisizohama zitangaze mahali zilipo kila baada ya saa 12, si kila dakika 15.

Fanyeni hivi. Redio za majumbani ziwe CLIENT. Za mfukoni na za ndani kabisa ziwe CLIENT_MUTE, ambazo hutuma na kupokea bila kurudia za wengine. Kisha chukueni redio moja ya hizo sita, iende juu. Ukingo kama wa Irente unatazama nyika ya Mazinde kule chini, lakini ripita, yaani redio ya kurudia ujumbe, ikiwa ukingoni haioni lazima bonde lililo nyuma yake. Kama haiwaoni ninyi, itahitajika ya pili kwenye mgongo unaoiona ya kwanza na pia unaona mapaa yenu. Ripita mbili zilizokaa vizuri ni miruko miwili tu, na redio nne za nyumbani zinabaki chini yake.

Msiridhike na kuona kwa macho. Mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka mstari wa macho: kwa masafa ya megahezi 868 na umbali wa kilomita 10, katikati ya safari pawe wazi kama mita 18 chini ya mstari huo. Kilele cha mti wa mkaratusi kinachogusa mstari kinatosha kuharibu kazi. Jaribuni kwanza kwa redio iliyofungwa kwenye mwanzi wa mita 4, saa moja, kabla ya kuchimba shimo la nguzo.

Na msikimbilie kilele chenye minara ya simu. Minara hiyo hurusha kwenye megahezi 925 hadi 960, jirani mno na zenu, na kipokezi kidogo kinazibwa masikio. Mkilazimika kukaa hapo, itabidi kununua chujio la 868. Rahisi zaidi ni kusogea mbali na minara.

Ripita yangu ya Heltec V3 yenye sola hufa usiku wa manane. Nimebadilisha betri mara mbili, zote za 9,900 mAh.
*Fundi, Babati*

Una makosa mawili, na betri ni moja tu. Hakuna betri ya 18650, ile ya lithiamu ya duara, ya kweli yenye 9,900. Zilizo bora haziendi mbali na 3,500. Ipime uzito: ya kweli ina gramu 45 hivi, na nyingi za bandia ni nyepesi kuliko hapo.

Kosa la pili ni bodi. Heltec V3 inatumia chipu ya ESP32, na kwa kazi ya ripita hula karibu miliampia 100 mfululizo, sawa na 2,400 mAh kwa siku. Bodi za chipu ya nRF52840, kama RAK4631 au Heltec T114, hula kama 10: kwa siku 240. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapanda mlima kila wiki. Heltec V3 ibaki nyumbani kwenye umeme.

Kwa ripita ya nRF52840, betri mbili za kweli za 3,000 mAh zilizounganishwa sambamba zinabeba zaidi ya wiki mbili za mawingu. Paneli ya wati 2 inatosha hata masika: saa nne za jua, ukiondoa upotevu wa asilimia 40, ni karibu 1,300 mAh kwa siku. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Ukitumia ubao wa RAK19007, tundu lake la sola halivumilii zaidi ya volti 5.5. Paneli iliyoandikwa volti 5 inaweza kutoa 6 na zaidi ikiwa haina mzigo. Ipime kwa mita saa sita mchana kabla ya kuchomeka. Ya volti 6 ipitie kwenye moduli ya kuchaji ya CN3791, na hakikisha umenunua iliyotengenezwa kwa volti 6, maana zipo za 9 na 12 zinazofanana nayo kabisa.

Hitilafu inayosumbua zaidi ni hii. Betri ikiisha kabisa kisha jua likaipandisha polepole, bodi za nRF52 wakati mwingine hukwama katikati ya kuwaka na kubaki zimeganda hata betri ikijaa. Weka moduli inayokata umeme betri ikishuka kwenye volti 3.2 hivi na kuurudisha ikifika 3.6, ili bodi iwake kwa mkupuo. Kwa shilingi chache unajiokolea safari.

Kuhusu boksi: liwe jeupe, likae kwenye kivuli cha paneli yenyewe, kwa sababu betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikizidi nyuzi 45. Nyaya zote ziingilie chini. Toboa tundu dogo la unyevu upande wa chini na uweke wavu, la sivyo nyigu watahamia. Silikoni inayonuka siki usiitumie ndani: mvuke wake unakula shaba.

Wavuvi wetu wakiwa na redio kwenye ngalawa watasikika hadi wapi?
*Msomaji, Mkokotoni*

Bahari ni rafiki wa redio, haina kilima. Antena iliyo mita 2 juu ya maji ina upeo wa kilomita 5.8, hivyo chombo kwa chombo ni karibu 12. Ripita pwani kwenye mnara wa maji wa mita 20 inaongeza 18.4, jumla 24. Redio ikilala chini ya ngalawa, hesabu yote inavunjika, ifungwe mlingotini. Chumvi hutafuna soketi, kwa hiyo funga kila kiungo kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe.

Ila hiki ni chombo cha kuulizana bei na hali ya upepo. Kwa kuomba msaada, redio ya baharini ya VHF kwenye chaneli 16 haina mbadala.

Mjomba aliye Minnesota ametuletea redio nne za megahezi 915. Tutumie hivyo hivyo?
*Msomaji, Kisumu*

Hapana. Sisi tuko kanda moja ya masafa na Ulaya, si Marekani. Mpangilio wa Marekani huirusha LongFast kwenye megahezi 906.875, na huku kwetu 880 hadi 915 ni njia ya simu za mkononi kuzungumza na minara. Utakuwa unapiga kelele kwenye sikio la mnara.

Soma lebo. Bodi iliyoandikwa 863 hadi 928 inafaa: badilisha eneo kwenye programu liwe EU_868, na ubadilishe antena iwe ya 868. Hapo utakuwa kwenye 869.525, na programu yenyewe itakuzuia usirushe zaidi ya asilimia 10 ya kila saa. Kabla ya kusimika ripita ya kudumu, iandikie Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, au TCRA kwa walio Tanzania, kuuliza kiwango cha nguvu na masharti ya vifaa vya masafa mafupi. Redio mpya isiyorusha chochote, mara nyingi ni kwa sababu eneo halijachaguliwa.

Naona alama ya kupokelewa, ndugu yangu anaapa hakupata kitu. Na je, majirani wanasoma?
*Msomaji, Njombe*

Kwenye chaneli ya kundi, alama hiyo inamaanisha redio fulani imesikika ikiurudia ujumbe wako. Kama ndugu yako amezima yake, ujumbe umempita. Uthibitisho wa kweli unaupata kwenye ujumbe wa mtu kwa mtu.

Majirani wanasoma, ndiyo, kama mko kwenye chaneli ya kiwandani. Ufunguo wake unajulikana na kila mtu duniani. Tengeneza chaneli yenye ufunguo wako na uwagawie wenzako kwa kuwaonyesha msimbo wa QR ana kwa ana.

Meshtastic au MeshCore?
*Wasomaji watatu*

Redio ni zile zile, unaziflashi tu, yaani unapakia programu nyingine ndani yake; lakini programu hizi mbili hazisikilizani, kijiji kizima kichague moja. Kwenye MeshCore redio za watu hazirudii ujumbe wa wengine, ripita pekee ndizo zinarudia, na njia ikishajulikana ujumbe wa mtu kwa mtu unaifuata hiyo hiyo badala ya kumwagwa kote. Pia ina kifaa cha chumba kinachowahifadhia ujumbe waliokuwa wamezima. Penye ripita za kudumu zilizopangwa, tunaipendelea. Kwa kundi linalotembea, wapagazi au wachunga mifugo, Meshtastic, kwa kuwa kila redio ni daraja.

Antena nzuri ni ghali. Naweza kutengeneza?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Unaweza, na itazishinda nyingi zinazokuja kwenye pakiti. Soketi moja ya N ya kufunga kwenye bati, na nusu mita ya waya wa shaba mgumu wa umeme wa nyumba, wa milimita 2.5 za mraba, uliomenywa. Kipande kimoja cha sentimita 8.2 lehemu kwenye pini ya kati, kisimame wima. Vinne vya sentimita 9 lehemu kwenye matundu ya pembeni, kisha viinamishe nyuzi 45 kuelekea chini. Kata vyote vikiwa virefu kwa milimita 5, upunguze kidogo kidogo ukipima kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, hadi SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, ishuke chini ya 1.5 kwenye 869. Kupunguza ni rahisi, kuongeza hakuna.

Kwa ripita ya mlimani inayohudumia vijiji vilivyo chini kabisa, hii ndiyo bora hata kuliko ile ndefu ya desibeli 8, ambayo hubana mawimbi kuelekea upeo na kuwaruka walio miguuni pa mlima. Usiweke kebo ndefu: mita 10 za kebo nyembamba ya RG58 hula desibeli 5 na zaidi, zaidi ya theluthi mbili ya nguvu yako. Redio ikae pale pale chini ya antena. Na usiiwashe kamwe bila antena. Nguvu isiyo na pa kutokea hurudi na inaweza kuunguza chipu.