Muulize Fundi: Maadili 14, na watu wawili wasiosemezana

SWALI: Fundi, salamu kutoka Nyalenda, hapa Kisumu. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu 23 kinachotengeneza programu huria, yaani ambayo yeyote ana uhuru wa kuitumia, kuichungulia ndani na kuibadilisha, ya kuweka hesabu za chama: michango, mikopo, faini na mgao wa Desemba. Tulianza wanne, mimi nikiwa mwanamke peke yangu. Sasa tuna wanafunzi wa chuo, mwalimu kutoka Ahero na akina mama wawili wa vyama vinavyoitumia. Mwezi wa tatu tuliamua kuandika tamko la maadili yetu. Tumeketi mara tano, tukapata 14: uwazi, heshima, ushirikiano, ubunifu, ubora, uadilifu na mengine. Mmoja wetu akaleta hati ya kundi la ng'ambo, akasema tuinakili tumalize. Mwingine akamjibu kwamba maadili hayaazimwi kama sufuria ya matanga. Tangu siku hiyo hawasemezani, na kazi imelala. Hata lile suala la kama programu iwaonyeshe wanachama wote majina ya walioshindwa kulipa mkopo halijaamuliwa. Tushauri. — Katibu

JIBU: Dada Katibu, pole. Benchi hilo nimelikalia, tena nikiwa ndiye mwenye kalamu.

Kundi letu lilikuwa la watu tisa. Tulikutana Jumamosi katika hoteli moja ya ghorofani karibu na soko la Kibuye, chai ya maziwa na mandazi, na kufikia saa saba mchana tulikuwa na maadili manane. La kwanza lilikuwa uwazi. Nikayachapisha, nikalipa karatasi ivishwe plastiki, nikaibandika ukutani juu ya kompyuta iliyotunza hesabu za vikundi vitano vya akina mama. Haikupita miezi miwili, diski ya kompyuta ile ikafa. Tukakimbilia bakapu, nakala za akiba. Ya mwisho ilikuwa ya kabla ya Krismasi, na aliyepaswa kuzikagua kila Ijumaa ni mimi.

Unajua tulifanya nini? Tuliketi chini ya karatasi ile ile tukapatana tuseme mtandao unasumbua. Siku 19 mtandao ulisumbua. Siku ya 20 akaja mwenyekiti wa kikundi kimoja, mama muuza omena, daftari lake la kaunta kwapani. Akaniacha nieleze mpaka nikaishiwa, kisha akaelekeza kidevu ukutani: “Na ile ni ya kina nani?”

Sikumjibu. Hesabu za kikundi chake tulizirudisha kutoka kwenye daftari lake hilo, mstari kwa mstari, usiku nne. Vikundi viwili vingine havikuwa na daftari. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Nimeifikiria sana karatasi ile, na naona kosa lake lilikuwa la kisarufi. Ilikuwa na nomino tupu, haina kitenzi. Neno uwazi halina mtenda, halina siku, halina anayetendewa. Hakuna awezaye kukushika kwa neno. Atakushika kwa sentensi. Tazama Debian, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambao hadi leo unatunzwa na watu wa kujitolea. Walifanya kazi miaka minne kwanza, ndipo wakaandika mkataba wao na jamii, Julai 1997. Humo hawakusema wanaamini uwazi. Walisema hawataficha matatizo, wakataja na njia: hifadhi nzima ya ripoti za hitilafu itakuwa wazi kwa umma wakati wote. Ukiikuta imefungwa, umewapata. Karatasi yetu ingesema “tukipoteza hesabu za mtu tutamwambia siku hiyo hiyo”, yule mama angeniwekea kidole kwenye mstari.

Kwa hiyo chukua 14 zenu, na kwa kila moja uliza: mwaka huu nani kati yetu amelivunja, na tulijuaje? Pakiwa kimya, futa. Ubunifu utaondoka. Ubora utaondoka (kwani kuna kikundi kinachotangaza ubovu?). Nadhani mtabaki na manne au matano, na msione aibu kwa uchache wake.

Sasa nije kwenye ulichokiandika mwishoni kana kwamba si kitu: majina ya walioshindwa kulipa mkopo. Dada, tamko lenu liko pale. Uwazi ni nambari moja kwenye orodha yenu na heshima ni nambari mbili, zimeketi bega kwa bega kama abiria wa matatu, na hamjaona kwamba zinagombana. Uwazi unasema pesa ni za wote, kila mtu aone. Heshima inasema mama aliyekwama kwa sababu mtoto alilazwa asisomwe jina na watu 30 kwenye simu zao. Yote mawili ni mema. Hati ya maadili inapata kazi pale mema mawili yanapokataa kukaa pamoja; mema na mabaya hayahitaji kikao.

Ukitaka maoni yangu, ningeandika hivi: “Hesabu ni za chama, si zetu. Programu itamwonyesha kila mwanachama jumla ya pesa na rekodi yake mwenyewe; majina ya wadaiwa yataonekana kwa maafisa wa chama peke yao, mpaka chama chenyewe kiamue vingine.” Hapo heshima imetangulia, uwazi umefuata kwa jumla ya hesabu, na uamuzi mnauacha mikononi mwa wenye pesa. Pia mtakuwa hamjajiweka pabaya na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lakini msinakili maneno yangu kabla hamjawasikia wale akina mama wawili. Wao wamewahi kuketi kwenye mkutano jina likisomwa. Ninyi wengine mnakisia.

Wala usidhani wakubwa hawagongi mwamba huu. Mkataba wa Debian unasema kipaumbele chao ni watumiaji na programu huria, vyote viwili kwa pumzi moja. Mimi hununua kompyuta za mtumba, nazisafisha, naziuza kwa wanafunzi. Miaka mingi nikisakinisha Debian kwa diski yao rasmi, nusu ya kompyuta hizo zilikataa waifai, kwa sababu kadi ya waifai huhitaji programu yake ndogo ya ndani ambayo mtengenezaji hakuifanya huria, na Debian hawakuiweka kwenye diski. Uhuru ulishinda, mwanafunzi akaenda nyumbani na kompyuta isiyoshika mtandao hadi aiunganishe na simu kwa waya. Mwaka 2022 walipiga kura, wakaongeza sentensi moja kwenye mkataba kuruhusu programu hizo ndogo ziwemo kwenye diski rasmi. Wapo walioumia kwa uamuzi huo. Mimi nilishukuru, ingawa naelewa waliokuwa wakilia. Iliwachukua miaka 25 kuandika sentensi hiyo, nanyi mnajilaumu kwa vikao vitano.

Kuhusu wale wawili: kila mmoja ana nusu ya haki. Kuazima kunaruhusiwa. Debian wenyewe wameandika chini ya mkataba wao kwamba makundi mengine yanaweza kujenga juu yake, mradi wawatambue. Lakini sentensi ya kuazima ifae ugomvi wenu, isiwe pambo. Wape kazi moja wote wawili. Aliyetaka kunakili aandike ukurasa mmoja juu ya magomvi matatu mliyowahi kuwa nayo kweli: nani anashika nenosiri la seva, nani aliweka mabadiliko usiku bila kuuliza, na hilo la wadaiwa. Aliyekataa kuazima aisome ile hati ya ng'ambo yote, atafute sentensi tatu ambazo zingewasaidia siku hizo. Kisha waketi na wewe, si na watu 23. Watu 23 hawaandiki sentensi. Huipitisha au huikataa.

Jambo dogo: msichanganye tamko hili na kanuni za mwenendo, yaani nani akitukanwa apeleke wapi malalamiko. Hizo ziandikwe kando. Debian walipitisha zao mwaka 2014, miaka 17 baada ya mkataba. Ninyi msingoje hivyo, hasa mkiwa na wanafunzi na akina mama kwenye kundi moja la simu.

SWALI: Fundi, sisi tuko Kakamega. Tamko letu tuliandike kwa Kiingereza ili wafadhili walielewe, ama kwa Kiswahili? — Msomaji

JIBU: Mfadhili ana mkalimani, mwanachama wako hana. Andikeni Kiswahili kwanza, mkipenda mtafsiri baadaye. Na kuna faida ambayo wengi hawaioni. Tangu Richard Stallman, mwanaprogramu Mmarekani, atangaze mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo mzima wa programu huria, wenye Kiingereza wamekuwa wakieleza kila mwaka kwamba neno lao moja, “free”, lina maana mbili, na kwamba wao wanakusudia uhuru, si bei. Sisi tuna bure, na tuna huru. Ukisema programu huria, mtu hafikirii bei. Akiisikia ikiitwa ya bure, atakuuliza shida yake ni nini, na ana haki, kwa sababu vya bure vimetuchezea sana.

Na mkiulizwa hayo mambo ya programu huria yanawahusu nini watu wa huku, waambieni wapande gari mpaka Eldoret. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa inayotumika leo katika nchi nyingi, ilianza mwaka 2004 kutokana na kazi iliyofanywa Mosoriot na Eldoret, na ndiyo mama wa mfumo wa KenyaEMR unaoukuta kwenye hospitali zetu.

SWALI: Kundi letu la Nakuru lina watu 40, na tamko tayari tunalo. Sasa mmoja anataka kurekebisha “maneno tu, si maana”. Tumruhusu? — Mweka hazina

JIBU: Akisema maneno tu, funga mlango, ulete kiti. Aprili 2004 Debian walipiga kura kurekebisha mkataba wao, na mabadiliko yakaitwa ya kihariri. Neno “programu” likaondoka kwenye ahadi ya kwanza. Badala ya kuahidi kuwa programu huria kwa asilimia 100, wakaahidi kuwa huria kwa asilimia 100. Msimamizi wa matoleo akasoma tena, akaona kwamba sasa hata vitabu vya maelezo vilivyomo ndani lazima viwe huria. Toleo la Sarge lililokuwa njiani likakwama. Ikabidi wapige kura nyingine kuahirisha mabadiliko yao wenyewe, na Sarge ikatoka Juni 2005.

Kwao, kugusa hati ya msingi kunahitaji kura tatu za ndiyo kwa kila moja ya hapana. Kwenu, wote 40 wakipiga kura, ni 30 dhidi ya 10. Ni kizingiti kizuri; ningekitumia. Andikeni pia nambari ya toleo na tarehe chini ya hati, kila mara.

Ya kundi letu iko toleo la nne. Ile ya plastiki ningali nayo dukani, chini ya kikokotoo. Haishiki wino, hiyo ndiyo shida ya plastiki. Hii ya sasa ni karatasi ya kawaida, na pembeni tumefunga kalamu kwa uzi.