Re: Nikikosa mkesha nahisi Mungu amenikasirikia

Dada, Bwana asifiwe. Umesema unafunga kila Jumatano na Ijumaa, na ukikosa mkesha mmoja unashindwa hata kusali ukihofia Mungu amekununia. Nakuelewa, niliishi hivyo miaka minne. Nilikuwa na daftari la kuandika saa nilizoomba, kama mtu anayelipa deni la dukani.

Kilichonisaidia ni kusoma barua ya Waefeso katika Biblia, yote kwa mkupuo mmoja. Sura tatu za kwanza karibu zote zinaeleza alichokwisha kufanya Mungu. Maagizo ya mwenendo yanakuja kwa wingi kuanzia sura ya 4. Mimi nilikuwa naanzia huko mwisho! Na ile 2:8-10 inaweka matendo mema baada ya neema, si kabla yake.

Kwa hiyo wiki hii jaribu kulala usiku wa mkesha, kwa makusudi. Asubuhi, kabla ya kuomba chochote, shukuru tu. Utajisikia mkosaji siku mbili tatu, vumilia. Si kwamba kufunga ni kubaya. Mimi bado nafunga, ila daftari nilishalichoma.

Ila hilo ulilotaja la kukosa usingizi wiki tatu na kulia kazini, usiliache kwa maombi peke yake. Nenda hospitali ukaonane na daktari. Na huyo mtu uliyesema anakudai sadaka ili "akufungulie" vifungo vya kiroho, usimpe hata shilingi. Ongea na mchungaji au mama wa kanisa unayemwamini.