Uliza Fundi: Tangi dogo, njia ndefu ya Loiyangalani

Shikamoo Mzee. Nina Honda CRF250L, tangi lake halifiki hata lita 8. Mimi na wenzangu wawili tunataka kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kupitia Laisamis na kurudi kwa njia ileile. Wenzangu wana matangi makubwa, mimi ndiye nitakayewakwamisha. Fundi mmoja jirani yangu anasema atalipasua tangi langu, achomelee kipande cha bati, liingie lita 13. Kazi ya siku mbili. Nimkubalie?
— Msomaji, Kasarani

Marahaba, kijana wangu. Usimkubalie.

Mwaka 2012 nilikubali mimi, kwenye pikipiki niliyokuwa nayo wakati huo. Kazi ilitoka safi, rangi inang'aa, nikazunguka nayo Nairobi mwezi mzima bila tone kudondoka. Siku hizo lami kutoka Isiolo ilikuwa inaishia Merille. Nilipoiacha lami nikaingia kwenye mawe na makorongo, haikupita saa moja nikahisi ubaridi kwenye goti la kushoto. Suruali ilikuwa imelowa petroli. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umefunguka pale bati jipya lilipokutana na la zamani, na matone yalikuwa yakiangukia mapezi ya injini, yakikauka kabla hata hayajasambaa. Nilizima nikaisukuma pikipiki mbali na pale nilipomwaga. Nikangoja injini ipoe, kisha nikasugua kipande cha sabuni ya kufulia juu ya ufa mpaka ukazibika. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo ilishika hadi Laisamis. Nashukuru Mungu haikuwaka. Bati la tangi ni jembamba, mtetemo wa barabara hauliachi hata dakika, na mshono wa kuchomelea ndio unaochoka kwanza.

Isitoshe, tangi lililokauka machoni bado lina mvuke wa petroli ndani ya mikunjo yake, na kinacholipuka ni huo mvuke. Mwambie jirani yako kwa upendo aache kazi hiyo kama hana njia ya kuutoa wote. Pia Honda yako haina kabureta. Pampu yake ya umeme imekaa ndani ya tangi na inapozwa na petroli inayopita humo. Ukibadilisha umbo la tangi bila hesabu, petroli inaweza kujificha kwenye kona ambayo pampu haifikii, ukazimikiwa njiani na lita mbili zimebaki.

Sasa turudi kwenye shida yenyewe. Kabla ya kuongeza tangi, jua pikipiki yako inakunywa kiasi gani ikiwa na mzigo ule utakaobeba. Jaza petroli Kasarani, pikipiki ikiwa imesimama wima kabisa, mpaka alama utakayoikumbuka. Andika namba ya kilomita. Nenda Sagana na urudi, na begi lako la safari likiwa nyuma, kisha jaza tena kwenye pampu ileile mpaka alama ileile. Nimeitaja Sagana kwa sababu unateremka ukienda na unapanda ukirudi, kwa hiyo mlima hautakudanganya. Gawa kilomita kwa lita ulizojaza. Tuseme umepata 30. Kwenye changarawe punguza, hesabu 26.

Kutoka Laisamis hadi kwenye mitambo ya umeme wa upepo ya Ziwa Turkana ni kilomita 208, barabara iliyotengenezwa upya wakati mitambo ile inajengwa. Loiyangalani iko mbele zaidi. Hesabu 240, ugawe kwa 26, unapata lita 9 na kidogo. Tayari tangi lako halitoshi, na wengi hukomea hapo wakanunua jerikeni moja. Lakini jiulize kwa nini mitambo 365 imesimikwa mahali pale. Upepo wa huko ni mkali na huvuma kutoka kusini-mashariki. Ukienda Loiyangalani unakusukuma mgongoni. Ukirudi Laisamis unaukabili kwa kifua, barabara ileile, mzigo uleule, na petroli inaisha upesi zaidi. Safari ya kurudi ndiyo ya kupimia. Mimi ningehesabu kilomita 22 kwa lita nikirudi, yaani lita 11, na juu yake lita mbili za akiba ambazo sizigusi. Unahitaji kutoka Loiyangalani na lita 13. Lita 13 za fundi wako zilikuwa sawa kabisa. Kosa lake ni pale alipotaka kuziweka.

Chukua jerikeni mbili ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya petroli, za lita tatu tatu. Ya mafuta ya kupikia usiitumie hata kama ni nzito, petroli huilegeza na mfuniko wake hauzibi mvuke. Nenda Kamukunji ukatengenezewe keria ya chuma inayofungwa kwa bolti kwenye fremu, jerikeni moja kila upande, chini na mbele kadiri inavyowezekana. Upande wa ekzosi weka kinga ya bati na uache nafasi ya hewa. Lita sita ni kama kilo nne na nusu. Zikikaa nyuma kabisa juu ya keria ya taa utahisi usukani umekuwa mwepesi kwenye mchanga, na mchanga utakutana nao.

Unapojaza, shusha jerikeni chini ardhini, usijaze ikiwa juu ya pikipiki. Na usijaze hadi mdomoni. Petroli hutanuka takribani asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto, na asubuhi ya Nairobi si mchana wa Laisamis. Ukifika kule fungua mfuniko polepole, usikie ule mvuke ukitoka "tss" mpaka unyamaze, ndipo ufungue wote.

Usingoje pikipiki izime ndipo umimine. Pampu yako haipendi kukauka. Tangi likipata nafasi ya lita sita, simama, acha injini ipoe, mimina kupitia chujio lenye wavu mwembamba. Tangi kubwa la plastiki kutoka ng'ambo ni zuri, wanaotengeneza wapo, Acerbis wa Italia na wengine, lakini hakikisha limetengenezwa kwa mwaka wa pikipiki yako na linapokea pampu yako. Kwa safari moja kwa mwaka, mimi nisingetumia pesa hizo.

Na wale wenzako wenye matangi makubwa, waambie wakusubiri.

Mzee, naendesha boda hapa Umoja, Boxer BM150. Desemba nakwenda nyumbani Marsabit. Nimeona mtu amefunga tangi la pili nyuma ya kiti, mpira unakwenda hadi kabureta. Nami nifunge?
— Msomaji, Umoja

Hapana, ndugu yangu, huna haja. Isiolo hadi Marsabit ni kama kilomita 260 za lami. Hata Boxer yako ikienda kilomita 35 tu kwa lita, lita 8 zinakufikisha, na tangi lako linabeba zaidi ya hapo. Jaza Isiolo. Tangi la pili lililo juu zaidi husukuma petroli kwa uzito wake, na sindano ya kabureta iliyolika haitaizuia. Utaikuta chini ya pikipiki asubuhi.

Angalia kitu kimoja badala yake. Kwenye mfuniko wa tangi kuna kitundu cha hewa. Vumbi likikiziba, petroli haishuki, pikipiki inazima kana kwamba imekauka, nawe unaanza kufungua kabureta bure kando ya njia. Ukifungua mfuniko na kusikia tangi likivuta hewa, ndicho hicho. Kisafishe kwa waya mwembamba kabla hujaondoka Umoja.